Maganda ya Kiwangwa, Samaki wa Bagamoyo

Mwenyeji wangu wa Bagamoyo anafuga sato katika mabwawa mawili, njia ya kwenda Mbegani, na ugomvi wa nyumbani kwake ni dagaa. Hununua dagaa wa Mwanza kwa gunia, huwasaga, huwachanganya na pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, kisha huwapelekea samaki wake. Jioni niliyofika, mkewe alinimiminia chai na kunipa mashtaka yake kabla sijamaliza kikombe.

“Shemeji, gunia likiingia humu ndani, dagaa safi wanakwenda bwawani. Waliojaa mchanga ndio mboga yetu.”

Mumewe alicheka, ila hakukanusha.

Ugomvi huo si wa nyumba moja. Dagaa ni mboga ya mtu asiye na uwezo wa kununua nyama, na hao hao ndio wanaotafutwa na wasagaji wa chakula cha kuku na cha samaki. Katika ufugaji wa samaki, chakula peke yake hula zaidi ya nusu ya gharama zote. Chakula cha kiwandani, zile punje zinazoelea juu ya maji, ni kizuri lakini bei yake humfanya mfugaji mdogo arudi kwenye gunia la dagaa. Ndipo mtu husikia habari ya maganda. Mwenyeji wangu aliisikia katika semina ya wafugaji: kwamba mabaki ya viwanda vya matunda, yaani maganda ya nanasi, kokwa za embe na machicha ya machungwa, yanaweza kuwa chakula cha samaki. Aliniambia habari hizo kwenye simu kama mtu aliyegundua hazina, nami nikaomba tuifuate pamoja mpaka mwisho wake.

Kwanza tulipiga hesabu ukingoni mwa bwawa. Bwawa lake kubwa lina upana wa mita 10 na urefu wa mita 20. Amepandikiza vifaranga 3 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo anao samaki kama 600. Wakifika gramu 100 kila mmoja, jumla yao ni kilo 60. Samaki wa umri huo hulishwa kama asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, yaani kilo 1.8. Tukisema maganda yawe sehemu 15 katika kila 100 za chakula hicho, ni gramu 270 za unga wa maganda kwa siku. Niliziandika namba hizo kwenye daftari bila kuona uzito wake. Uzito wake ulionekana Kiwangwa.

Asubuhi tuliondoka na kirikuu ya kukodi, tumebanana watatu mbele. Pale Makofia tuliiacha njia ya mjini tukashika lami ya Msata, kilomita 64 mpaka inapokutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Tukavuka Ruvu, mto umejaa maji mekundu ya mvua za vuli, mashamba ya mpunga kushoto na kulia. Dereva, kijana mwenye maneno, alitaka kujua kwa nini watu wazima wawili wanakodi gari kufuata taka. Mwenyeji wangu alimweleza kwa kirefu. Kijana akasikiliza, akasema gari lake likinuka tutaliosha sisi.

Kiwangwa mwezi wa Desemba huna haja ya kibao ili kuitambua. Harufu inatosha. Mafungu ya mananasi yamepangwa kando ya barabara kilomita nzima, mengine yamerundikwa chini ya miembe, na gari likipunguza mwendo tu vijana wameshafika dirishani. Msimu ukipamba moto bei huporomoka, na anayeumia ni mkulima, maana nanasi likishaiva halingoji. Ndiyo sababu kumeanzishwa vikundi vya kusindika: wapo wanaokausha vipande, wapo wanaokamua juisi, wapo wanaopika jamu. Tulikuwa tumeelekezwa kwa kikundi kimoja cha kina mama wanaofanya kazi katika jengo la chumba kimoja lenye meza ndefu ya bati.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu ya kuangalia mikono. Nanasi linawekwa mezani, panga linakata kichwa chenye majani, kisha kitako. Kisu kinashuka ubavuni kutoa ganda, kinarudi kutoa macho, halafu kinang'oa moyo wa katikati, ule mgumu. Nyama inayobaki ni kama nusu ya nanasi lenyewe. Nusu nyingine inakwenda kwenye ndoo iliyo chini ya meza, na ndoo hazikauki. Kina mama walikuwa wamevaa glavu. Mmoja alizivua kunionyesha vidole: ngozi ya ncha ilikuwa imelika, nyekundu, kama ya mtu aliyefua nguo siku nzima kwa sabuni kali. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini, na ngozi ya binadamu nayo ni protini. Ulimi wako ukiwasha baada ya kula nanasi bichi, ni kimeng'enya hicho hicho.

“Mnayataka haya?” aliuliza mama aliyeonekana kuwa kiongozi wao, akitazama malundo nyuma ya jengo. “Chukueni yote, wanangu. Mtakuwa mmetuondolea nzi.”

Lundo lilikuwa refu kunifika kiunoni. La juu lilikuwa bichi, la chini lilikuwa limeshachacha na kutoa povu, na nyuki walikuwa wengi kuliko nzi. Ng'ombe wa jirani huletwa kula kiasi fulani, kinachobaki huoza, na mvua ikinyesha maji yake hutiririka kuelekea bondeni. Tulijaza kirikuu mpaka dereva akapiga kelele kwamba springi zimelala. Tukakadiria mzigo kuwa nusu tani.

Sasa zile namba za daftarini zikaanza kusema. Ganda bichi la nanasi ni maji kwa sehemu kama 85 katika 100. Nusu tani ile, ikikauka, ingebaki kilo 75 za unga. Kilo 425 zilizobaki ni maji matupu, nasi tulikuwa tumekodi gari na kununua mafuta ili kuyasafirisha maji hayo kutoka Kiwangwa mpaka Bagamoyo, ambako maji yapo. Kwa upande wa pili, kilo 75 za unga, kwa gramu 270 kwa siku, zingelilisha lile bwawa kwa zaidi ya miezi tisa. Safari moja ya kirikuu, miezi tisa ya bwawa! Kina mama wale huzalisha lundo kama lile tena na tena mpaka msimu uishe. Anayedhani mabwawa machache ya wafugaji yatamaliza taka za usindikaji wa matunda hajapiga hesabu hiyo.

Kabla hatujaondoka, tulipelekwa kumwamkia mzee mmoja jirani ambaye, tuliambiwa, ndiye aliyewahi kujaribu jambo letu kabla yetu. Tulimkuta chini ya mwembe, redio begani. Baada ya shikamoo na habari za safari alitupeleka kwenye shimo kavu lililoota magugu. Lilikuwa bwawa la perege. Aliposikia kwamba samaki hula maganda, alichukua mikokoteni miwili ya machicha mabichi ya nanasi na kuyamwaga majini jioni moja. Alfajiri aliyoamkia samaki walikuwa wote juu, midomo wazi, wanahema. Jua lilipotoka wengi walikuwa wamegeuza matumbo.

Mzee aliamini kwamba nanasi liliwatia sumu. Mwenyeji wangu alinitazama, kisha akamweleza kwa upole kilichotokea. Sukari ya matunda ikiingia kwenye maji, vijidudu vinavyoozesha huongezeka kwa mamilioni, navyo hutumia oksijeni ile ile ambayo samaki anaihitaji. Mchana bwawa hujitengenezea oksijeni kwa sababu mimea midogo ya majini hufanya kazi kwenye mwanga. Usiku haizalishi tena, bali nayo huivuta, ndiyo maana saa ya hatari ni kabla ya mapambazuko. Ongeza hapo ukali wa nanasi, ambalo juisi yake ina asidi nyingi, katika bwawa lisilowekwa chokaa. Kambale pengine angepona, kwa kuwa yeye ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu. Perege hana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. “Basi waliniambia nusu ya habari,” alisema.

Nami naona hilo ndilo tatizo la habari nyingi za mabaki haya. Husemwa nusu yake, ile inayopendeza: taka zipo, samaki wana njaa, waunganishe. Nusu ya pili ni kazi.

Mwenyeji wangu alirudi Bagamoyo na mzigo wake akaanike. Mimi nilidandia Hiace mpaka Msata, nikashika basi la kwenda Chalinze. Tulipita Lugoba, tukapita Mboga, kilipo kiwanda kikubwa cha kusindika matunda, nami nikalifikiria lundo la nyuma ya jengo la kina mama likiwa limezidishwa mara nyingi. Chalinze tulikaa kama kawaida ya Chalinze: mahindi ya kuchoma, mayai, maji baridi, abiria mmoja kachelewa chooni na dereva anapiga honi. Kutoka hapo milima ya Uluguru huanza kuonekana mbele, kwanza bluu, halafu kijani, na kabla ya kuingia mjini Morogoro unapita Kingolwira, penye kituo cha serikali cha ufugaji samaki kinachozalisha vifaranga.

Morogoro nilikwenda kwa kuwa ndipo penye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na penye Sokoine hapakosi mtu wa kukueleza kilichomo ndani ya ganda. Aliyenieleza ni mtaalamu wa lishe ya samaki, mtu wa sauti ndogo, ambaye alianza kwa kuniuliza nimekuja kusikia habari njema au habari kamili. Nikasema kamili.

Maelezo yake, kwa ufupi, ni haya. Sato anayekuzwa kwa ajili ya kuuzwa anahitaji chakula chenye protini sehemu 25 hadi 32 katika 100, na kifaranga anahitaji zaidi ya hapo. Dagaa wakavu wazuri wana zaidi ya sehemu 50. Mashudu ya alizeti yana kama 28, pumba za mahindi kama 11. Ganda la nanasi likikauka lina 4 au 5 tu. Ganda la embe halina zaidi sana. Machicha ya machungwa yaliyokaushwa yana 6 au 7, na kiini cha kokwa ya embe nacho ni hapo hapo, ingawa kina wanga na mafuta ya kutosha. Kwa hiyo yeyote anayesema maganda yatachukua nafasi ya dagaa anadanganya au amedanganywa. Nafasi yanayoweza kuchukua ni ya pumba, tena sehemu yake tu.

Kwa nini sehemu tu? Nyuzinyuzi. Sato amejaliwa utumbo mrefu, mara kadhaa ya urefu wa mwili wake, kwa sababu asili yake ni mla mimea na ukijani wa majini. Hata hivyo nyuzinyuzi zikizidi, chakula hupita tu bila kumfaa. Kambale, mla nyama mwenye utumbo mfupi, usimsumbue kabisa kwa maganda. Kila tunda pia lina shetani wake. Ganda la chungwa lina mafuta yenye harufu kali na uchungu, samaki huligomea likizidi. Kiini cha embe kina tanini, lazima kilowekwe au kichemshwe kwanza maji yamwagwe. Uchachushaji husaidia: ukiyafunga maganda yaliyokatwakatwa katika pipa lisiloingiza hewa, au ukiyatia hamira, nyuzinyuzi hulainika na protini hupanda kidogo. Kidogo, alisisitiza, akionyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

Palikuwa na kijana mwanafunzi aliyekuwa akitusikiliza, naye ndiye aliyeleta habari ya mbegu za papai. Mfugaji yeyote wa sato anajua balaa la uzazi wao. Jike hubeba mayai mdomoni, huwalinda watoto humo humo, na huweza kuanza kuzaa akiwa na miezi michache tu. Ukichelewa kuvua, bwawa la samaki 600 linageuka kuwa la maelfu, wote wadogo kama vidole. Dawa inayotumika sana ni kupandikiza madume matupu, ambayo hupatikana kwa kuwalisha vifaranga homoni ya kiume katika wiki zao za kwanza. Wengine huingiza kambale wachache wawapunguze watoto. Watafiti, wa Nigeria wakiwemo, wamejaribu njia ya tatu: kukausha mbegu za papai, zile zinazokwanguliwa na kutupwa wakati wa kutengeneza juisi, kuzisaga na kuzitia kwenye chakula. Zinavuruga korodani za dume na kupunguza uzazi. Kiasi ndicho chenye mtihani, maana dozi kubwa humdhuru samaki mwenyewe. Mtaalamu wangu hakulipa jambo hilo uzito mkubwa. Mimi lilinivutia kuliko maganda yote, kwa kuwa hapa taka inaingia bwawani kama dawa, kwa vijiko, na gharama ya kuisafirisha haikusumbui.

Kesho yake, katika kuitafuta protini, nilipelekwa kuona funza.

Pembezoni mwa mji, nyuma ya banda la kuku, familia moja imejenga kibanda cha wavu wa chandarua na safu za makarai ya plastiki. Harufu yake siyo ile niliyojiandaa nayo. Ni harufu ya pombe ya kienyeji iliyochelewa kunywewa. Mama mwenye mradi aliingiza mkono kwenye karai bila kinyaa, akautoa umejaa mabuu wanene, weupe wa maziwa, wanaojinyonganyonga, akanisogezea. Nikapokea. Walikuwa wa moto. Funza wengi wakila pamoja huzalisha joto lao.

Huyu siye nzi wa chooni wala wa nyama. Ni nzi mweusi mwembamba, ambaye asili yake ni Amerika na sasa ameenea katika nchi za joto duniani kote. Akishakuwa mkubwa hana shughuli na chakula chako. Haingii jikoni, haumi, huishi siku chache, hupandana, jike hutaga mayai kama 500 kwenye upenyo mkavu karibu na uozo, basi. Mama yule hupanga vipande vya mbao vyenye mianya ili ayakusanye mayai kirahisi. Baada ya siku kama nne yanaanguliwa, na kwa takriban wiki mbili buu hula kila kitu kilichooza mbele yake. Akishiba huwa mweusi, na hapo hufanya jambo lililonishangaza: huondoka mwenyewe kwenye unyevu, hupanda ubao ulioinamishwa pembeni ya karai akitafuta pakavu pa kujigeuza, na huanguka kwenye ndoo. Mavuno yanajileta. Mama huwamwagia maji ya moto, huwaanika, huwasaga. Unga wake una protini kama sehemu 40 katika 100 na mafuta mengi, kiasi cha sehemu 30, ambayo ni vema yakamuliwe au unga utumike kwa kipimo. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, kule Nairobi, kimefanya kazi nyingi juu ya nzi huyu, na wafugaji wa Kenya wametutangulia kidogo.

Nilidhani hapo nimepata jibu: maganda yapite kwa funza, funza waende kwa samaki, dagaa warudi mezani. Mama alinirudisha chini mara moja. Alipoanza aliwapa mananasi na mapapai matupu kutoka sokoni. Walikula kwa fujo lakini hawakunenepa, na makarai yalijaa maji mpaka wengine wakatoroka. Sababu yake ni rahisi ukiitazama. Funza haumbi protini kutoka hewani. Asichokikuta ndani ya ganda hawezi kukuwekea kwenye mwili wake. Sasa huchanganya: matunda kwa ajili ya sukari na maji, machicha ya pombe, pumba na mabaki ya mama lishe kwa ajili ya protini. Kwa mchanganyiko mzuri, kilo 100 za taka mbichi humpa kati ya kilo 10 na 20 za funza wabichi, na wakikauka hubaki kama theluthi moja. Uchafu wao, mweusi na mkavu kama kahawa iliyosagwa, huuza kwa wakulima wa mboga kuwa mbolea, na alinidokeza kwamba mwezi mwingine mbolea humwingizia kuliko funza wenyewe.

“Mwanangu, hii kazi ni kama ya kufuga kuku,” alisema. “Usipoamka, wanakufa.”

Njiani kurudi niliona nianze kuyapanga haya yote kwa bwawa lile la Bagamoyo. Nilipofika nikakuta mwenyeji wangu naye ana ripoti yake, na haikuwa nzuri. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Maganda yaliyoanikwa juu ya kichanja, yakiwa yametandazwa kwa wembamba, yalikuwa yamekauka mpaka yanavunjika mkononi. Yale yaliyoachwa kwenye turubai chini yalikuwa yameota ukungu, mweupe pembeni, wa kijani katikati. Alitaka kuyakausha upya ayatumie. Nilimwambia nilichoelezwa Morogoro: ukungu ukishaingia, huenda sumukuvu imeingia nayo, na jua haliiondoi. Ini la samaki huharibika polepole bila wewe kuona. Yalikwenda kwenye mboji. Kuna wafugaji ambao hujenga uzio wa fito kwenye kona ya bwawa na kuweka mboji humo kidogo kidogo, maji yapate ukijani ambao sato huuchuja na kuula, na huko maganda yaliyoharibika kidogo yanaweza kufaa, ila siyo yenye ukungu wa namna ile.

Yaliyopona tuliyapeleka mashineni. Mchanganyiko wake wa zamani ulikuwa pumba sehemu 40, mashudu 35, dagaa 20, unga wa muhogo 5 wa kushikiza. Mpya ukawa pumba 25 na maganda 15, vingine vikabaki vile vile. Nilipiga hesabu ya protini ya mchanganyiko huo mpya: sehemu 24 na ushei katika 100, pungufu kwa chini ya sehemu moja kulinganisha na wa zamani. Kwa bwawa lenye maji ya kijani inatosha. Tulikanda kwa maji ya moto, tukapitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, tukakata nyuzi zile vipande vipande na kuanika. Chakula cha namna hiyo huzama, kwa hiyo huwekwa kwenye sinia linaloning'inizwa majini ili ujue kilicholiwa na kilichoachwa. Samaki walikula. Siku ya kwanza kwa kusita, baadaye bila maswali.

Kwa hiyo dagaa walibaki pale pale, sehemu 20, na shemeji yangu aliliona hilo kabla ya mumewe kulisema. Nilimweleza hesabu ya pili: ukitoa dagaa 10 ukaweka unga wa funza 14, huku ukipunguza pumba kidogo, protini haitikisiki. Aliuliza nani atafuga hao funza. Mumewe alikohoa. Shemeji akasema kama ni makarai nyuma ya nyumba, na mbolea yake ni ya bustani yake ya mchicha, na fedha ya mbolea haiulizwi na mtu, basi atafuga yeye. Walikubaliana hapo hapo, mimi shahidi.

Nilichokiona katika njia hiyo ya Bagamoyo, Kiwangwa na Morogoro kinanifanya nisiwe na subira na wanaozungumzia taka za matunda kama chakula cha bure. Hakuna cha bure katika kitu ambacho sehemu zake 85 ni maji na ambacho kinaoza kwa siku mbili. Gharama yake ni ya kukamua, kukausha na kusafirisha, na gharama hiyo ni ndogo zaidi pale mlangoni mwa kiwanda kuliko popote pengine. Kiwanda kina umeme, kina joto linalopotea kutoka kwenye majiko yake, kina lundo lote mahali pamoja. Mfugaji ana turubai na mvua ya vuli.

Ombi langu kwa wenye viwanda vya matunda wa Pwani, Tanga na Morogoro ni moja: kamueni na kukausha makapi yenu kabla hayajatoka getini, myauze kwa gunia kama wasaga nafaka wanavyouza pumba. Mtapata wanunuzi. Nawe mwenye bwawa, anza na sehemu 10 au 15 za unga mkavu usio na ukungu katika kila 100 za chakula, mpe sato na si kambale, endelea kutafuta protini mahali pengine, na usimwage ganda bichi bwawani, hasa jioni.